Umehama? Thibitisha kwanza

STOCKHOLM – Mtu wa Afrika Mashariki anayeanza maisha katika jiji hili hujifunza mapema herufi mbili zenye mkwaju katikati: c/o. Foleni ya kupata nyumba kwa mkataba wa moja kwa moja ni ya miaka, hivyo wengi hupanga chumba kwa mtu ambaye naye amepanga, na barua zao hufika kupitia kwa yule ambaye jina lake liko mlangoni. Kwetu tuliokua na sanduku la posta la shule, la parokia au la mwajiri wa mjomba, utaratibu huo si mgeni hata kidogo.

Wahandisi waliotaka intaneti imfuate mtu anayetembea waliazima utaratibu huohuo, pamoja na jina lake. Kisa chao kinatuhusu sisi tulio mbali na nyumbani kuliko wengi wanavyodhani.

Kila kompyuta au simu iliyo kwenye intaneti ina anwani, na anwani hiyo hueleza imeunganishwa wapi. Ukitoka kwenye mtandao mmoja ukaingia mwingine, anwani inabadilika na mazungumzo yanakatika. Mwaka 1996 jopo la kimataifa la wahandisi wa intaneti, IETF, lilitoa kanuni ya kwanza ya kutatua tatizo hilo, iitwayo Mobile IP. Chini ya kanuni hiyo simu inakuwa na anwani mbili: ya nyumbani isiyobadilika, na ya muda, yaani ile ya c/o. Nyumbani anabaki wakala, ambaye hupokea kila kinachokuja na kukituma mbele kule aliko mwenyewe.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wa wazi. Mwenye anwani ya nyumbani Dar es Salaam akiwa Stockholm, halafu jirani yake wa Rinkeby akamtumia ujumbe, ujumbe huo ulipaswa kwenda kwanza Dar ndipo urudi Rinkeby. Ni kama barua ya mtaa wa pili kupitia Posta Mpya!

Kwa sababu hiyo, katika toleo jipya la itifaki ya intaneti, toleo la 6, wahandisi walitaka njia ya mkato. Simu yenyewe imwambie yule inayewasiliana naye: "Nimehama, kuanzia sasa nitumie hapa." Rasimu ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2000 rasimu ya 13 ilikuwa tayari, na wengi waliamini kazi imekwisha.

Haraka ilikuwa kubwa wakati ule. Mwaka huohuo serikali za Uingereza na Ujerumani zilikusanya mabilioni kwa kunadi leseni za simu za kizazi cha tatu, 3G. Hapa Sweden leseni nne zilitolewa bila mnada mwezi Desemba, na Telia, kampuni kongwe ya simu nchini, ikaachwa nje. Kila mtu alizungumzia intaneti mfukoni.

Hata hivyo, mwaka 2001 wasimamizi wa IETF waliirudisha rasimu. Swali lilikuwa fupi: anayesema amehama, tutajuaje kwamba ni yeye?

Wakazi wa Sweden wanalielewa swali hilo bila kusomea kompyuta. Matapeli hapa wamewahi kujaza taarifa za kuhama kwa majina ya watu wengine, barua za benki na kadi za mikopo zikaenda kwenye anwani za wezi huku mwenyewe akishangaa kwa nini sanduku lake ni tupu. Ndiyo maana Idara ya Kodi, Skatteverket, imeweka njia ya mtu kufunga taarifa zake, ili asiweze kuhamishwa bila kitambulisho cha kielektroniki.

Kwenye intaneti hatari ilikuwa ya namna mbili. Kwanza, mwizi angeweza kutangaza kwamba wewe umehama, na mazungumzo yako yote yakageuzwa kwenda kwake. Pili, mtu mwenye nia mbaya angeweza kuanza kupakua filamu kubwa kutoka kwenye seva kadhaa, kisha akatangaza kwamba amehamia kwenye anwani ya mtu anayemchukia. Mafuriko ya data ambayo hakuyaomba yangemwangukia huyo asiye na hatia.

Rasimu ilikuwa imetegemea kinga ya siri za kihesabu, ambayo ingehitaji msajili mmoja wa funguo kwa kila simu na kila kompyuta duniani. Msajili huyo hakuwepo. Kumwambia mtu asipokee taarifa ya kuhama isipokuwa imepigwa muhuri na ofisi isiyokuwepo ni sawa na kumwambia asipokee kabisa.

Ikabidi kuanza upya. Miongoni mwa walioibeba kazi hiyo alikuwamo Jari Arkko, Mfini aliyekuwa mhandisi wa Ericsson, kampuni iliyoanzishwa hapa Stockholm mwaka 1876, ambaye baadaye, mwaka 2013, alikuwa mwenyekiti wa IETF. Jawabu walilolipata ni la akili ya kawaida. Anayeambiwa "nimehama" hatakiwi kuamini papo hapo. Hutuma nusu ya neno la siri kwenye anwani ya nyumbani, na nusu nyingine kwenye anwani ya c/o. Anayeweza kuziunganisha nusu hizo mbili ameonyesha kwamba anapokea katika sehemu zote mbili. Tena uthibitisho huo haudumu zaidi ya sekunde 420, yaani dakika saba, baada ya hapo unarudiwa.

Kinga hiyo si kamili, kwa sababu anayesikiliza kwenye njia inayopita nusu zote mbili bado anaweza kudanganya. Lengo lilikuwa kwamba kuhama kusiiongezee intaneti hatari ambazo haikuwa nazo. Kanuni hiyo, yenye namba RFC 3775, ilichapishwa Juni 2004, miaka minane baada ya rasimu ya kwanza.

Kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Kampuni za simu zilikuwa na njia zao wenyewe za kumfuata mteja, zikaendelea nazo. TeliaSonera ilipofungua mtandao wa kwanza wa kibiashara wa 4G duniani, hapa Stockholm na Oslo, tarehe 14 Desemba 2009, dunia ya simu ilikuwa tayari imeegemea itifaki yake iitwayo GTP. Mobile IP ya toleo la 6 imebaki na watumiaji wachache.

Je, ina maana miaka ile ilipotea bure? Tuangalie upande wa pili, wa wale ambao hawakuuliza swali.

Mtandao wa ishara unaoziunganisha kampuni za simu duniani, SS7, ulianza kuenea katika miaka ya 1980, wakati kampuni zilikuwa chache na zikiaminiana. Nao una ujumbe wa "mteja huyu amehamia kwangu". Ujumbe huo ulipokewa bila kuhojiwa. Desemba 2014 watafiti wa Kijerumani, Tobias Engel na Karsten Nohl, walionyesha hadharani jinsi udhaifu wa SS7 unavyomwezesha mtu kufuatilia simu ilipo na kunasa mawasiliano yake. Mwaka 2017 jambo hilo likatoka ukumbini: matapeli walizigeuza SMS za wateja wa mtandao mmoja wa simu Ujerumani, wakapata namba za siri za benki na kufagia akaunti zao.

Kwa nchi zetu hilo si jambo la pembeni. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa pochi, na ada ya shule ya mtoto wa kaka hupita humo. Wizi wa kubadilisha laini, ambapo tapeli huishawishi kampuni impe kadi mpya yenye namba yako, ni uongo uleule: "Mimi ndiye, nimehama." Tofauti ni kwamba husemwa dirishani na si kwenye waya.

Kuna jambo jingine linalowagusa wale walioondoka kwao si kwa hiari. Anwani ya c/o hueleza ulipo. Anayewasiliana nawe kwa njia ya mkato anaweza kuona kwamba jana ulikuwa Sweden na leo uko Kenya. IETF ililiandika tatizo hilo waziwazi mwaka 2007, na mwaka 2010 yakatolewa mapendekezo ya majaribio tu. Kwa mtalii hilo ni dogo. Kwa mwandishi au mwanaharakati anayetafutwa, si dogo.

Habari njema ni kwamba swali la mwaka 2001 halikufa. Mei 2021 IETF ilichapisha itifaki ya QUIC, ambayo sasa hubeba sehemu kubwa ya tovuti na video tunazotazama. Simu yako ikitoka kwenye waifai ya nyumbani na kuingia mtandao wa barabarani, QUIC inaweza kuendeleza mazungumzo bila kuyakata. Lakini seva kwanza hutuma fumbo kwenye anwani mpya na kusubiri lirudishwe, na kabla halijarudi hairuhusiwi kumimina data kiholela. Ni uthibitisho wa aina ileile uliowachelewesha wahandisi wale.

Serikali na benki za kwetu zinahamisha huduma kwenda kwenye simu kwa kasi, na anayeuliza maswali huonekana anakwamisha maendeleo. Tunadhani wasomaji wetu, wa nyumbani na wa ughaibuni, wana haki ya kuuliza kila huduma mpya inapozinduliwa kwa ngoma na hotuba: mtu akija kesho akasema yeye ni mimi na amehama, mtamwomba nini kabla ya kumwamini? Kama mhusika hana jibu, huduma hiyo isubiri.