Bei ya Kompyuta na Kazi Inayokusudiwa

Katika miji ya Arua na Koboko, kama ilivyo katika miji mingine ya Uganda, kompyuta ya mezani imekwisha kuwa chombo cha kazi cha kila siku. Ofisi huitumia kutunza kumbukumbu, na wapo askari wanaostaafu ambao huamua kutia sehemu ya kiinua mgongo chao katika duka la kuchapa na kunakili nyaraka. Fedha za umma ni jasho la wananchi, na kiinua mgongo hulipwa mara moja tu katika maisha ya mtu. Kwa sababu hiyo, swali la kompyuta ipi inunuliwe si swali la mafundi peke yao. Ni swali la kila aliyekabidhiwa fedha na akatakiwa kuzitumia kwa busara.

Sehemu ya kompyuta ambayo wauzaji huitangaza zaidi ni prosesa, yaani kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine. Katika kompyuta za mezani, soko hilo limeshikwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD. Historia ya ushindani wao ina funzo kwa kila mnunuzi. Mwaka 1981, kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, ilitumia prosesa ya Intel iitwayo 8088. Lakini IBM haikutaka kumtegemea muuzaji mmoja, na mwaka 1982 Intel na AMD zikatia sahihi mapatano yaliyoiruhusu AMD nayo kutengeneza prosesa za aina hiyo. Hivyo mnunuzi mwenye msimamo alichangia kuzaa ushindani ambao faida yake ingali inaonekana hadi leo.

Faida hiyo ilidhihirika mwezi Machi 2017. Mwezi huo AMD ilitoa prosesa ya Ryzen 7 1800X, yenye viini 8, kwa bei ya dola 499, wakati prosesa ya Intel yenye viini 8, Core i7-6900K, ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Kabla ya mwaka huo kwisha, Intel nayo ilitoa Core i7-8700K yenye viini 6, badala ya viini 4 ilivyokuwa katika prosesa iliyotangulia ya daraja hilo. Tangu hapo, si haki tena kusema kwamba kampuni moja ni bora daima na nyingine ni duni daima. Kila mwaka huleta hesabu yake.

Hata hivyo, wingi wa viini peke yake hauamui jambo. Viini vya prosesa ni mfano wa makarani katika ofisi moja. Kama kuna majalada mia ya kupanga, makarani wanane watamaliza mapema kuliko wanne. Lakini kama kazi ni kuandika maelezo ya shahidi mmoja, karani mmoja ndiye atakayeandika, na wengine saba watakaa kumtazama. Hapo kinachotakiwa ni wepesi wa karani mmoja, wala si wingi wao. Ndiyo sababu mwaka huo wa 2017, Core i7-7700K ya viini 4 iliendelea kuzishinda prosesa mpya za AMD katika michezo mingi ya kompyuta, ilhali za AMD zilitangulia katika kazi zinazogawanyika, kama vile kutengeneza filamu. Kwa hiyo anayenunua hana budi kujua kwanza kazi yake ni ya aina gani.

Aidha, majina yaliyobandikwa kwenye mashine yasimdanganye mtu. Wako wanaoamini kwamba maandishi ya i7 ni kama cheo, na kwamba kila i7 ina amri juu ya kila i3. Sivyo ilivyo. Core i7-4770 ya mwaka 2013 ilikuwa na viini 4, na ilipotoka iliuzwa kwa takriban dola 300. Core i3-12100 ya mwaka 2022 nayo ina viini 4, ilitoka kwa takriban dola 122, nayo humshinda mkubwa wake huyo wa zamani kwa mbali. Katika jina kama 12100, tarakimu mbili za mwanzo huonyesha kwamba prosesa ni ya kizazi cha 12. Katika 4770, tarakimu moja ya mwanzo huonyesha kizazi cha 4. Mwenye kulipia herufi na kusahau kizazi hununua jina.

Suala la kizazi lina uzito zaidi kwa anayenunua mashine iliyokwisha tumika. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inayofuata inazikubali rasmi, kwa ujumla, prosesa za Intel za kizazi cha 8 na kuendelea, na za Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000. Mashine ya zamani zaidi itawaka na kuandika barua, lakini itakosa marekebisho ya usalama ya kawaida, isipokuwa ikiwekewa mfumo mwingine kama Linux, ambao hutolewa bure. Kwa ofisi inayotunza maelezo ya mashahidi na majina ya watuhumiwa, hatari hiyo si ndogo. Mlango usiofungika ni mlango wazi, hata kama nyumba ni ya bei nafuu.

Jambo la pili ni namna ya kufanya hesabu. Tuseme prosesa moja inauzwa shilingi 600,000 na humaliza kazi fulani kwa dakika 10, na nyingine inauzwa shilingi 1,200,000 na humaliza kazi hiyo hiyo kwa dakika 8. Kwa mtazamo wa haraka, ya pili ni ghali maradufu kwa faida ndogo. Lakini prosesa haifanyi kazi peke yake. Kama sehemu nyingine zote za kompyuta zinagharimu shilingi 1,400,000, basi mashine ya kwanza ni shilingi 2,000,000 na ya pili ni 2,600,000. Nyongeza ya bei ni asilimia 30; nyongeza ya kazi kwa saa ni asilimia 25. Pengo limepungua sana. Kwa hiyo bei na kazi hupimwa kwa mashine nzima, wala si kwa kipande kimoja.

Lakini hesabu hiyo haijakamilika mpaka liulizwe swali la mwisho: je, hiyo asilimia 25 ina wa kuitumia? Duka la filamu za harusi litaitumia kila siku, kwa kuwa mteja hungoja mashine. Duka la kuchapa barua halitaitumia, kwa kuwa hapo mashine ndiyo inayongoja vidole vya mpiga chapa. Kwa duka la namna hiyo, ni afadhali tofauti ya shilingi 600,000 iende katika diski ya SSD, kumbukumbu ya kutosha na printa madhubuti. Kompyuta nyingi zinazosemwa kuwa nzito hazina upungufu wa prosesa. Zimefungwa diski ya kale inayozunguka polepole.

Tena kuna suala la umeme, ambalo watu wa West Nile hawahitaji kufundishwa. Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na, tangu mwaka 2012, kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5. Gridi imefika miaka ya hivi karibuni, lakini jenereta na mitambo ya jua ingali inatumika. Prosesa ya kawaida ya ofisi hupimwa wati 65 hivi. Ile ya kifahari ya Core i9-13900K, ya mwaka 2022, huweza kufikia wati 253 inapofanya kazi kwa nguvu zote. Mashine inayozidi mwenzake kwa wati 100 kwa saa 8 kila siku, siku 300 kwa mwaka, hula uniti 240 zaidi. Kama uniti moja ni shilingi 800, hiyo ni shilingi 192,000 kila mwaka. Na umeme ulioliwa hugeuka kuwa joto. Wakati wa kiangazi, vumbi likiziba feni, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Hapo mwenye mashine anakuwa amelipia mbio ambazo mashine haikimbii.

Wala unafuu usigeuzwe kuwa ibada. Baadhi ya prosesa, kama Core i5-12400F na Ryzen 5 5600, hazina sehemu ya kutoa picha. Asiyejua huzinunua kwa bei nzuri, kisha hukuta kioo kitupu mpaka anunue kadi ya picha. Rahisi huvunja upishi. Lakini ughali nao si dhamana: mwaka 2023 baadhi ya Ryzen 7000X3D za AMD ziliungua kwa kupata umeme kupita kiasi, na mwaka 2024 Intel iliongeza dhamana ya prosesa zake za vizazi vya 13 na 14 kwa miaka miwili, baada ya hitilafu ya namna hiyo kuziharibu baadhi yake. Kutoka Kampala hadi Arua ni takriban kilomita 480, na Koboko iko mbele zaidi. Kifaa ambacho vipuri vyake havipatikani karibu kina bei nyingine isiyoandikwa dukani, nayo ni siku ambazo ofisi itakaa bila kazi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Uganda ya mwaka 2003 inataka fedha ya umma ilete thamani yake. Ofisa anayeandika mahitaji ya ofisi yake aandike kazi itakayofanywa, kizazi cha chini kinachokubalika, muda wa dhamana na kiasi cha umeme kilichopo. Kisha awaache wauzaji washindane. Askari anayestaafu naye afanye vivyo hivyo kwa fedha yake. Askari mzuri hapeleki lori mahali pikipiki inapotosha, wala hapeleki pikipiki mahali palipo mzigo wa lori. Anayeijua kazi yake kabla ya kuingia dukani amekwisha kupata nusu ya bei nzuri, na muuzaji hatamtembeza.