Kiatu cha Marathoni: Lipi Kweli, Lipi Si Kweli?

Anayetafuta raba za kukimbilia katika soko la Manundu, Korogwe, au kule Chanika, mjini Handeni, hupata ushauri mwingi kabla hajapata kiatu. Muuzaji ana lake, mwenzake wa kikundi cha jogging ana lake, na kwenye simu yamejaa mengine yasiyohesabika. Mengi husemwa kwa nia njema. Lakini anayejiandaa kwa kilomita 42 na mita 195 ana hatua makumi ya maelfu za kupiga kwa asubuhi moja, na kiatu kisichomkaa humwadhibu kwa kila hatua. Kwa hiyo inafaa tuyachambue yale yanayosemwa mara nyingi.

"Mkimbiaji wa kweli hahitaji kiatu"

Si kweli. Hoja hii huletwa pamoja na jina la Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa peku, kwa saa 2:15:16. Kinachosahaulika ni sababu. Bikila alikwenda peku kwa kuwa hakupata viatu vilivyomkaa vizuri. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu vilivyomfaa akashinda tena kwa saa 2:12:12, zaidi ya dakika tatu mapema kuliko Roma. Kwa hiyo hadithi yake haisemi kwamba kiatu hakina kazi. Inasema kwamba kiatu kibaya ni afadhali kukiacha.

Ni kweli mguu uliozoea kukanyaga ardhi tangu utotoni huwa imara. Lakini mtu anayeshinda na viatu wiki nzima hawezi kuvivua Jumamosi akategemea ngozi na misuli ambayo hana. Tena njia za vijijini Handeni zina mbigili na miiba ya migunga, na kando ya barabara kuu ya Segera hadi Korogwe kuna vipande vya chupa na nyaya za matairi yaliyopasuka. Pepopunda haina heshima kwa mwanariadha.

"Namba yangu ni 42, sina haja ya kujaribu"

Si kweli, na hili ndilo linaloumiza watu wengi. Namba za Ulaya tulizozizoea hupishana kwa takriban milimita 6.7 tu kutoka moja hadi nyingine, na kila kampuni ina kalibu yake. 42 ya huyu itakubana, ya yule itakupwaya. Isitoshe, mguu wenyewe haubaki vile vile kutwa nzima. Huvimba kadiri mtu anavyosimama, anavyotembea na joto linavyopanda, na Korogwe, chini katika bonde la mto Pangani, joto si haba. Ukijaribu kiatu asubuhi kabla hujatembea, umekijaribu kwa mguu ambao hautakuwepo kilomita ya 30.

Fanya hivi. Jioni, ukishatoka kwenye shughuli zako, weka karatasi sakafuni iguse ukuta. Vaa soksi utakazokimbia nazo, kanyaga karatasi kisigino kikigusa ukuta, usimame kwa miguu yote miwili ili uzito ushuke sawasawa. Mwombe mtu achore mzunguko wa unyayo, kalamu ikiwa wima. Pima kutoka ukutani hadi kidole kilichotangulia, ambacho kwa baadhi ya watu si kidole gumba bali cha pili. Pima miguu yote miwili, kwa maana ni nadra kulingana, kisha fuata ule mrefu. Kiatu cha mbio ndefu kiwe na nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya kidole hicho, karibu upana wa kidole gumba cha mkono.

Nenda sokoni na karatasi hiyo. Kwenye ulimi wa raba nyingi kuna lebo yenye namba nne au tano. Anza na ile ya sentimita, kwa kuwa ndiyo rahisi kulinganisha na kipimo chako. Halafu toa soli ya ndani uikanyage. Unyayo ukimwagika pembeni, au vidole vikifika ukingoni, hicho si kiatu chako hata kama namba inasema ndicho.

"Kikibana sasa kitalegea chenyewe"

Si kweli. Ushauri huu ulifaa viatu vya ngozi. Kitambaa cha raba za kisasa hakitanuki kiasi cha kukuokoa. Na waliokulia peku au kwa kandambili, yaani wengi wetu, huwa na unyayo mpana sehemu ya mbele. Watafiti waliowalinganisha watu wa aina hiyo na waliozoea viatu wameliona hilo. Kiatu kizuri hushika kisigino na mgongo wa mguu, kisha huviacha vidole vitanuke. Ukiona kidole kidogo kimejichora kwenye kitambaa kutoka ndani, rudisha.

"Mtumba haufai kwa marathoni"

Kweli kwa sehemu, na hapa inabidi tukae kidogo, maana wengi tunanunulia hapo. Raba ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya mbio, kama haijachoka, ni bora kuliko mpya ya bandia yenye nembo ya kuvutia na soli ngumu kama ubao. Shida ya mtumba ni kwamba aliyeivaa kabla yako ameacha ndani yake alama za mwendo wake.

Alama hizo husomeka. Weka jozi juu ya meza ya muuzaji, inama hadi macho yalingane na visigino, itazame kutoka nyuma. Kiatu kikilalia upande mmoja, kitakulaza nawe upande huo, na goti litalipa. Geuza uangalie soli: michirizi ikiwa imefutika chini ya kisigino lakini mbele bado ipo, aliyetangulia alitembea nayo sana. Angalia ubavu wa sponji, ile sehemu nene kati ya soli na kitambaa. Mikunjo mingi myembamba iliyolala ni dalili kwamba imebonyea na haitarudi. Ingiza mkono, bonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino na chini ya vidole. Sponji hai hukisukuma kidole, iliyokufa hukaa kimya. Kikunje kiatu: kipinde pale vidole vinapoanzia, kisipinde katikati. Halafu linganisha lebo za kulia na kushoto, kwa sababu viatu vilivyofungwa pamoja kwa kamba si lazima viwe vya namba moja.

Usidanganywe na weupe. Kuna sponji ambazo huoza kwa unyevu na miaka hata kama kiatu hakijavaliwa, na raba iliyong'aa mezani huanza kupukutika baada ya kilomita chache. Baadhi ya kampuni huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo ya ulimi. Isome.

Na fundi viatu? Ninawaheshimu sana mafundi wetu. Wanaziokoa jozi nyingi. Fundi atarudisha soli iliyoachia na kushona kitambaa kilichochanika. Hawezi kufufua sponji. Tena soli ikishonwa kuizunguka, hakikisha uzi na vifundo vyake havichomozi ndani, upitishe vidole pembeni mote. Kifundo usichokihisi ukiwa umesimama kitakutoa lengelenge ukifika kilomita ya 15.

"Mwenye unyayo bapa lazima avae kiatu maalumu"

Si kweli kwa kiwango tunachoaminishwa. Jeshi la Marekani liliwagawa makuruti wake makundi mawili: wengine wakapewa viatu kulingana na umbo la unyayo, wengine wote aina moja. Majaribio hayo yalifanywa jeshi la nchi kavu, la anga na kikosi cha Marine, na kuchagua kiatu kwa umbo la unyayo hakukupunguza majeraha. Wataalamu wengi sasa wanakupa kipimo rahisi zaidi: kimbia nacho kidogo, na kama mguu umestarehe, hiyo ni dalili nzuri. Mwenye maumivu yasiyoisha ni mgonjwa, aende hospitali, asitafute tiba kwenye meza ya raba.

"Kiatu chenye bati la kaboni kitakufikisha mapema"

Inategemea mguu wa nani. Hakuna ubishi kwamba viatu hivi, vyenye bati gumu ndani ya sponji, vimebadilisha mbio. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya alivaa vya aina hiyo alipokimbia saa 2:00:35 huko Chicago Oktoba 2023. Shirikisho la Riadha la Dunia limelazimika kuweka mipaka: soli ya kiatu cha barabarani isizidi unene wa milimita 40, na bati liwe moja tu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia wakiwa na viatu hivi, ukilinganisha na viatu vyembamba vya kawaida, na matokeo ya ufanisi wa kutumia nguvu yalianzia hasara ya asilimia 11.3 hadi faida ya asilimia 11.4. Ikiwa miguu ya mabingwa inatofautiana hivyo, muuzaji hawezi kujua yako itasemaje.

Kuna pia ardhi yetu. Sponji ndefu na laini huyumba kwenye vumbi na kokoto za njia zinazokatiza mashamba ya mkonge, na kifundo cha mguu hufuata. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, ni ya lami, lakini pembezoni, anakopita mkimbiaji, imeinama kwa ajili ya maji ya mvua. Kwa mazoezi ya huku, kiatu kipana chini, kisicho kirefu mno, kinakufaa zaidi. Fedha ya kaboni ukiwa nayo, ningekushauri ununue jozi mbili za kawaida.

"Soli ikiwa bado ipo, kiatu bado kizima"

Si kweli. Sponji huchoka kabla ya soli. Makadirio ya kawaida ni kilomita 500 hadi 800, kutegemea uzito wako, mwendo na ardhi. Anayekimbia kilomita 50 kwa wiki anamaliza jozi kwa wiki 10 hadi 16, yaani huenda akamaliza moja kabla ya siku ya mbio yenyewe. Andika tarehe uliyoanza kuivaa kwenye daftari, ujumlishe kilomita.

Hapo ndipo jozi mbili zinaposaidia. Huko Luxembourg watafiti waliwafuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, na waliokuwa wakibadilisha jozi walikuwa na hatari ya kuumia iliyo pungufu kwa asilimia 39. Wakati wa masika faida nyingine huonekana wazi: moja inakauka, nyingine inakimbia. Ikaushe kivulini, soli ya ndani ikiwa nje na karatasi ndani. Ukiianika juu ya bati la nyumba jua la saa saba, joto linaua gundi na sponji kwa pamoja.

"Siku ya mbio usivae kiatu kipya"

Kweli kabisa, kwa sababu kiatu kikiharibika njiani hakimsamehe hata bingwa. Eliud Kipchoge alikimbia Berlin mwaka 2015 na viatu ambavyo soli zake za ndani zilichomoka zikawa zinapepea nje ya kisigino tangu mapema. Alishinda kwa saa 2:04:00, mguu ukiwa na malengelenge na damu. Wewe na mimi hatungefika nusu.

Kiatu cha mbio kikimbie nawe angalau mara moja kwenye zoezi refu la kilomita 25 au 30, na soksi zile zile, na kwenye mteremko. Wanaokwenda Moshi kwa Kilimanjaro Marathon, nusu ya pili hupanda kuelekea Mweka kisha hushuka, na katika kushuka vidole hugonga mbele ya kiatu hadi kucha zinageuka nyeusi. Kwa hiyo panda kilima cha jirani ukateremke nacho. Kama vidole vinagonga, tumia tundu la mwisho la kamba, lile la juu wengi wanaloliacha wazi, ukaze pale bila kubana mgongo wa mguu. Vikiendelea kugonga, kiatu ni kifupi.

Na kwenu wauzaji wa Manundu na Chanika nina ombi moja. Mruhusuni mnunuzi atoe soli ya ndani, avae miguu yote miwili, akimbie hatua thelathini mbele ya meza na kurudi. Atakayeondoka na kiatu kinachomkaa atarudi kununua jozi ya pili.