Euphrase Kezilahabi: Mhakiki Ndani ya Mtunzi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimfuata Euphrase Kezilahabi tangu alipozaliwa Namagondo, Ukerewe, tarehe 13 Aprili 1944, akapita Seminari ya Nyegezi na kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1970. Tuliona pia jinsi Rosa Mistika, riwaya yake ya mwaka 1971, ilivyozua mjadala kwa kuyasema waziwazi mambo ambayo wazazi na walimu walizoea kuyafunika. Leo tunaingia katika upande wa maisha yake usiozungumzwa sana, nao ni kazi yake ya uhakiki. Wasomaji wengi humtaja kama mwandishi wa riwaya na mshairi ambaye pia alifundisha chuo kikuu, kana kwamba ualimu ulikuwa wa kumpatia riziki na utunzi peke yake ndio uliokuwa wito. Mgawanyo huo unapotosha. Hoja yangu ni kwamba uhakiki ndio uliompa Kezilahabi maswali yake makubwa, na tungo zake nyingi ni majibu aliyoyajaribu kwa njia ambayo tasnifu haiwezi kuyatoa.

Tuanze na tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1976, iliyomhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Uchaguzi huo una uzito, kwa sababu Shaaban Robert alikuwa amekwisha kutukuzwa zaidi kwa ushairi wake. Katika Kusadikika na Utubora Mkulima, wahusika hubeba maadili hata katika majina yao: Karama, Majivuno, Utubora. Msomaji makini wa kazi hizo hana budi kujiuliza ni wapi atakaa mtu asiyejua lililo jema, mtu anayeshuku hata maana ya kuishi. Katika miaka hiyohiyo Kezilahabi alitupa Kazimoto wa Kichwamaji (1974), msomi wa chuo kikuu anayeishia kujiua, na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975), ambaye jina lake linaahidi kisichotimia. Naziona riwaya hizi kuwa mazungumzo na mwalimu aliyemtangulia. Kezilahabi alimheshimu Shaaban Robert kwa namna ya msomi, yaani kwa kumsoma hadi kufikia pale ambapo yeye mwenyewe alilazimika kushika njia nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa pia katika ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuandika kanuni za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na watunzi wengi waliamini kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani yenye mashairi yasiyofuata kanuni hizo, alikuwa ametoa hukumu ya kihakiki kuhusu ushairi ni nini na ni wa nani. Alitaka shairi lisemwe kwa lugha iliyo karibu na watu. Wanamapokeo hawakukosa hoja. Walisema kwamba vina na mizani ni urithi wa karne nyingi, na kwamba anayeviacha huenda anaficha udhaifu wake. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alionyesha pia jinsi ushairi wa Waswahili ulivyo na bahari nyingi. Hoja hiyo ni nzito, lakini haimwangushi Kezilahabi. Kama urithi wenyewe una bahari nyingi, basi kuongeza nyingine si kuubomoa. Na kwa mashairi ya Kichomi, Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008), alionyesha kwamba shairi huru nalo lina nidhamu yake, hata kama haipimwi kwa kuhesabu silabi.

Ushahidi mzito zaidi ni tasnifu ya uzamivu aliyoikamilisha mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Humo aliuliza kama nadharia zinazomtenga mfasiri na kile anachokifasiri, zilizokuzwa katika falsafa ya Ulaya, zinaweza kuisoma fasihi ya Kiafrika bila kuipotosha. Miaka michache baadaye zilitoka Nagona (1990) na Mzingile (1991). Mhusika wa Nagona husafiri akitafuta ukweli, na njiani hukutana na akina Plato, Hegel, Darwin na Marx. Asomaye riwaya hiyo bila kuijua tasnifu huona fumbo tupu. Anayeijua huona swali lilelile likiulizwa sasa kwa taswira na ngano.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba mtu aliyetaka ushairi ulio karibu na watu aliwaacha watu alipoandika riwaya zinazowatatiza hata wanafunzi wa chuo kikuu. Ni kweli kwamba Nagona ni ngumu, na sidai kwamba ugumu ni sifa. Lakini ukaribu na watu hauishii katika wepesi wa msamiati. Ngano na mafumbo ni mali ya watu tangu zamani, na hayajawahi kuwa mepesi. Wengine watasema kwamba aliipinga Ulaya kwa silaha za Ulaya, kwa kuwa alimtegemea Heidegger, mwanafalsafa wa Ujerumani. Mimi nasema kwamba aliyekataa bila kusoma hana hoja, na Kezilahabi alisoma kwanza.

Kezilahabi alifundisha Dar es Salaam na baadaye Chuo Kikuu cha Botswana, na alifariki tarehe 9 Januari 2020. Riwaya na diwani zake zinasomwa, lakini tasnifu yake kuu iliandikwa kwa Kiingereza na haiwafikii wengi wa wale wanaozipenda kazi zake za Kiswahili. Taasisi zetu za Kiswahili na wachapishaji waifasiri na kuichapisha, na walimu wa fasihi waiweke mezani pamoja na Nagona. Tukimnyima msomaji uhakiki wa Kezilahabi, tunampa nusu tu ya mwandishi.