Nyumba za Waasia Kampala: Paa la wengi lataka hati

Ukipita Old Kampala utaziona bado nyumba za kale zilizojengwa na Waasia: duka mbele, vyumba nyuma, ua katikati. Wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni tulipata chumba cha kwanza katika nyumba za aina hiyo. Wafanyabiashara wanaoingia kutoka Busia na Malaba nao huviulizia vyumba hivyo, kwa kuwa soko la Owino haliko mbali.

Historia yake yafahamika. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka na nyumba walizoacha ziligawiwa askari, maofisa na wafanyabiashara, na nyingine zikawekwa chini ya Bodi ya Kutunza Mali za Waasia Walioondoka. Nyumba iliyokuwa ya familia moja ikageuka ya familia tano au sita.

Mimi nilisoma Kenya, kwa kuwa wazazi wangu walikimbia vita vya miaka ya 1980. Niliporudi kufundisha, miaka 20 hivi iliyopita, nilipanga chumba katika nyumba ya namna hiyo. Tulikuwa familia sita, bomba moja, choo kimoja na mita moja ya umeme. Hatukuwa na sheria iliyoandikwa, lakini utaratibu tulikuwa nao. Bili iligawanywa kwa idadi ya watu, ua ulifagiliwa kwa zamu, na mama mmoja muuza vitenge ndiye aliyeshika fedha. Mtoto wa mwenzetu alipougua usiku, wote tulichanga nauli ya kumpeleka hospitali.

Kilichotushinda ni paa. Lilivuja kila masika, nasi tukatega mabeseni badala ya kununua mabati. Si kwamba tulishindwa kuchanga. Nani atatengeneza nyumba asiyojua kama atakuwamo mwezi ujao? Siku moja akaja mtu na wakili wake, hati mkononi, akatupa siku 30 tuhame. Mzee aliyekuwa akipokea kodi yetu hakuonekana tena.

Mkasa wetu una mizizi katika sheria. Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya mwaka 1982 ilifuta mauzo na ugawaji uliofanywa juu ya mali hizo, ikawapa wenyewe haki ya kuomba kurudishiwa. Miaka ya 1990 wengi walikuja kudai. Hata mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa ikiichunguza Bodi hiyo.

Jirani zetu Tanzania walipita njia nyingine. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Kazi hiyo ilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Waliopoteza majengo yao waliumia, ila mpangaji alijua ofisi ya kupeleka kodi na malalamiko.

Uganda nayo sasa ina njia. Sheria ya kondominio ya mwaka 2001 inaruhusu jengo moja kugawanywa, kila sehemu ikiwa na hati yake, na wenye sehemu wakiwa na chombo cha pamoja cha kutunza paa, ngazi na ua. Flati za Bugolobi ziliuzwa kwa mtindo huo. Aidha, Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya mpangaji kufukuzwa, na mkataba wa shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayerudi au unayetafuta chumba cha biashara, kabla ya kumlipa dalali nenda ofisi ya ardhi uangalie jina lililo kwenye hati. Daini mkataba na risiti. Mkiwa wengi katika jengo moja, undeni kamati na mwandike nani analipa nini. Kuishi pamoja tunakujua tangu uhamishoni, lakini wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.