Benga Ipo, Bendi Haipo

Rongo, Awendo, Homa Bay mjini, huku magharibi mwa Kenya: ukipita Jumamosi jioni, benga, ule muziki wa gitaa wa Wajaluo, utaisikia. Imo kwenye matatu, kwa kinyozi, kwenye duka la simu. Adimu ni bendi yenyewe, magitaa matatu, besi, drams na waimbaji, wakipiga kwenye kona ya baa ndogo mpaka alfajiri. Husemwa vijana wameikimbilia midundo ya ohangla na Afrobeats. Siamini kwamba msikilizaji ndiye aliyekimbia. Nadhani tumeupoteza usiku uliokuwa ukimlipa mpiga besi.

D. O. Misiani wa Shirati Jazz alizaliwa mwaka 1940 ng'ambo tu ya mpaka wa Migori, upande wa Mara, Tanzania, na alipofariki Kisumu mwaka 2006 bado alikuwa mtu wa bendi. Santuri za benga alizosambaza Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, na huko muziki huo ukaitwa kwa jina lake. Lakini mpiga ridhimu wa kawaida hakuishi kwa santuri. Kaseti za wizi zilipoua mauzo, klabu ndiyo iliyobaki kuwa mwajiri.

Na klabu ililipa kwa namna yake. Wimbo wa benga ni mrefu. Nusu ya pili waimbaji hunyamaza, solo ikapanda. Humo ndimo pakruok huingia: mteja anasimamisha muziki, anatoa noti, anajisifu, anamsifu shemeji yake na kijiji chao. Meza ya pili haikubali, inatunza zaidi. Kiingilio kilikuwa kidogo. Fedha hasa ilitoka kwenye mashindano haya, kwa wavuvi wa Mbita na Sori na watu wa miwa ya Awendo, na mashindano hayakolei kabla ya saa sita usiku.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita ya Mututho, kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, ikaiamuru baa ya kawaida ifunge saa tano usiku. Sipingi nia yake. Ulevi umebomoa nyumba nyingi huku kwetu. Ila iliutazama ukumbi wa muziki kama mahali pa kuuzia bia tu. Kisha kafyu ya corona, kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021. Bendi isiyopiga mwaka mmoja na nusu hutawanyika. Baa zilipofunguliwa, mwenye baa alipiga hesabu: watu saba au wanane wanaohitaji malipo, nauli na vyombo, au kijana mmoja mwenye kinanda chenye midundo ndani. Simlaumu.

Hasara ya kupotea kwa bendi huonekana polepole, kwa sababu benga hujifunzwa nyuma ya bendi. Kijana hubeba spika, hushika gitaa la pili mkubwa wake akipumzika, na miaka ikipita hukabidhiwa solo. Ian Eagleson na Alex Minoff, Wamarekani wa bendi ya roki ya Golden, walipoungana na Otieno Jagwasi wa Extra Solar Africa kuunda Extra Golden, walikutana na mtu aliyeivishwa na kazi ya usiku baada ya usiku. Otieno alifariki mwaka 2005. Albamu yao, Ok-Oyot System, ikatoka mwaka uliofuata. Kijana wa leo wa Migori ataivishiwa wapi?

Nchini Uingereza kumbi ndogo nazo zinafungwa, lakini huko ipo asasi, Music Venue Trust, inayozihesabu na kuzitetea. Kwetu leseni za pombe zimo mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi wa 2013. Homa Bay na Migori zinaweza kuwa na leseni ya ukumbi wa muziki wa bendi, yenye saa zake na masharti yake ya kelele, tofauti na ya baa. Kwa sasa wapiga gitaa wengi huitwa mmoja mmoja, kwa mazishi au mkutano wa siasa, na mara nyingi hukutana siku hiyohiyo, bila mazoezi.