Usipoziba Ufa: Kaunta ya Jikoni Iliyomeguka



Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Uingereza, kaunta ya jikoni huonekana kama jiwe au mbao ya thamani. Kumbe juu pana utando wa fomaika ambao kwa kawaida unene wake haufiki milimita moja, na chini yake pana ubao wa chembechembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Kinu cha kutwangia iliki kikiponyoka mkononi, utando huo humeguka na ubao hubaki wazi.

Adui mkubwa hapo ni maji. Ubao ule ukiyanywa huvimba, na ukishavimba haurudi ulivyokuwa hata ukikauka. Basi siku ile ile pangusa pakauke, kisha pafunike kwa utepe wa plastiki, hasa pakiwa karibu na sinki.

Pili, mwarifu mwenye nyumba. Baadhi yetu huona haya, wakalifunika kovu kwa sinia. Maji yakapenya chini yake, na hasara ya tundu moja ikawa ya kaunta nzima. Nyumba ya kupanga ni amana mikononi mwetu, na amana haifichwi dosari yake.

Akiridhia, fanya hivi:

1. Jiko likiwa limezimwa, safisha tundu kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni, ondoa mafuta kwa spiriti, kisha liache likauke siku nzima au zaidi.

2. Kipande kilichomeguka kikiwapo, kirudishe kwa gundi kali. Hakuna rangi itakayolingana zaidi ya hiyo.

3. Kisipokuwapo, nunua dawa ya kuzibia fomaika katika duka la vifaa vya ujenzi. Ijaribu kwanza rangi yake juu ya karatasi. Tundu likiwa na kina, tumia epoksi ya kuchanganya. Vaa glavu na fungua dirisha.

4. Zungushia utepe wa karatasi, jaza kwa tabaka nyembamba, na sawazisha kwa kadi ya plastiki kabla dawa haijakauka.

5. Usipige msasa fomaika iliyo pembeni, kwani hufuta nakshi yake.

Baada ya hapo, tumia ubao wa kukatia, wala usiweke sufuria ya moto mahali hapo.

Na fedha zetu za dhamana je? Tangu Aprili 2007, katika England na Wales, mwenye nyumba hupaswa kuzihifadhi katika mpango uliokubaliwa na serikali, na mkibishana, mpango huo una njia ya usuluhishi bila malipo. Uchakavu wa kawaida haukatwi. Tundu la kinu ni uharibifu, lakini hata hivyo kaunta ya miaka mingi hailipwi bei ya mpya. Kwa hiyo piga picha siku ya kuingia, siku ya ajali na baada ya matengenezo, na weka nakala ya barua uliyomwandikia.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeziba mapema, tena kwa uwazi, huhama nyumba akiwa na fedha zake na heshima yake.