Mzamiaji wa Bara Asikimbilie Basi

Watu wa Pwani tuna maringo ya bahari. Mtu akikaa bara miaka ishirini bado atawasimulia wenyeji wake habari za majahazi na changu wa kukaanga, kana kwamba bahari ni shamba aliloachiwa na babu yake. Mimi nami ni mmoja wao. Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, nikapelekwa Bungoma kusomesha, na huko nimeota mvi.

Ijumaa moja, tumetoka msikitini na tumeketi mkahawani tunakunywa chai, kijana mmoja muuza mitumba akaniuliza, "Mwalimu, huko chini ya bahari kukoje?"

Nikaanza kumsimulia habari za papa na kasa. Akanikatiza kwa adabu: "Samahani, mwalimu. Nauliza wewe mwenyewe umeona nini?"

Sikuwa na la kusema. Samaki nilimjua sahanini tu. Basi siku ile tukaanzisha chama cha watu watatu: mimi, kijana yule, na rafiki yake fundi wa pikipiki wa Kitale. Kila mmoja alitoa shilingi 500 kwa wiki, na mwaka ulipotimia kila mtu alikuwa na shilingi 26,000. Kwa fedha hizo tulitaka kwenda, kuzamia, kula, kulala na kurudi.

KUCHAGUA MAHALI

Fundi alishauri twende Ziwa Victoria, kwani liko karibu na nauli ni ndogo. Nikamwambia maji ya ziwa lile yana tope, huoni mkono wako, na kando kando yake kuna kichocho. Urahisi wa nauli haukufaa kitu ikiwa huendi kuona chochote.

Tukaitazama Pwani. Malindi na Watamu zina hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa za kwanza Afrika. Karibu na Mombasa iko meli ya Dania, iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 ili iwe nyumba ya samaki. Vijana waliposikia meli, macho yakawatoka. Lakini meli ile imelala yapata mita 30 chini, na mwanafunzi aliyepata cheti cha kwanza mwisho wake ni mita 18. Anayejaribu tu, bila cheti, akiwa ameshikwa mkono na mwalimu, hapitishwi mita 12. Kwa hiyo msomaji, kabla hujalipia mahali, uliza kina chake. Usinunue kanzu isiyokuenea.

Tulichagua Shimoni, ili tuzamie katika hifadhi ya Kisite, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini. Matumbawe yake hayako chini sana, na hata asiyetaka mtungi wa hewa huvaa miwani na mrija akaelea juu akaona vya kutosha kwa bei ndogo zaidi. Raia hulipa kiingilio cha hifadhi kilicho chini ya kile cha mgeni, mradi awe na kitambulisho. Tuliuliza pia kama bei ya kuzamia ina chombo, vifaa, chakula na kiingilio ndani yake, maana bei ndogo mara nyingine ni mlango tu, nyumba hulipiwa mbali.

KALENDA YA MSIKITINI

Hapa ndipo Upwa wangu uliponifaa. Vijana walitaka kwenda Disemba, kama watu wote. Nikawaambia Disemba vyumba ni ghali. Masika nayo, Aprili na Mei, mito hushusha tope baharini, na kusi ikishika maji huchafuka. Afadhali kaskazi ikishatulia.

Kisha nikawapeleka kwenye kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani. Kila mvuvi anajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, mkondo hukaza, na mchanga hutibuka. Katikati yake, mwezi 7 au 8, na tena 22 au 23, huwa maji mafu, nayo ndiyo bora kwa mwanafunzi. Tukachagua mwezi 7 Shaabani, Alhamisi ya Februari 2025. Ramadhani tuliiacha kando kwa hiari yetu, kwa kuwa mzamiaji hutakiwa kunywa maji mengi.

NJIANI

Karne ya 19 misafara ya Waswahili ilitembea miezi kutoka Pwani hadi kwa Nabongo Mumia, jirani na Bungoma. Sisi tulilala kwenye basi hadi Nairobi, kisha tukapanda treni ya daraja la kawaida, ambayo nauli yake ilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwaka 2024. Mombasa tulivuka Likoni kwa miguu, bila malipo, tukadandia matatu za kusini hadi Shimoni. Tulijinyima chakula cha hoteli, tukala mahamri na mbaazi.

Asubuhi yake mwalimu wetu, kijana wa pale pale, alitupa fomu za afya. Alituonya: mwenye pumu au mafua aseme, asione haya. Kisha akatufundisha kwenye maji ya kiunoni jinsi ya kupumua kwa mdomo na kuzibua masikio.

Tulishuka mara mbili siku ile. Sitajaribu kuwapambia. Niliona kasa akila majani, hana habari nami. Niliona changu walio hai, wanang'aa, wakanitazama usoni, nami nikaona haya kwa wote niliowala bila kuwajua.

TIKETI YA JIONI

Tulipopanda chomboni, fundi akatoa simu kutazama saa. Kumbe alikuwa amejinunulia tiketi ya basi la Mombasa hadi Kitale, la jioni ile ile, ili aokoe fedha za malazi.

Mwalimu wa kuzamia akamwuliza, "Kitale iko juu kiasi gani?"

"Yapata mita 1,900," nikajibu mimi.

"Basi leo huendi, ndugu yangu."

Akatueleza. Chini ya maji, kila mita 10 huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Hewa ya naitrojeni huingia damuni na mwilini, kama gesi ndani ya soda. Ukipanda polepole na kupumzika, hutoka taratibu. Ukikimbilia mahali pa juu, ni kama kung'oa kizibo: mapovu hufanyika mwilini, yakaleta maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza na kifo. Mskoti John Scott Haldane aliyachunguza haya kwa kutumia mbuzi, akatoa majedwali ya wazamiaji mwaka 1908. Siku hizi aliyezamia zaidi ya mara moja huambiwa angoje angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mlima ni kama ndege, ila una magurudumu.

Fundi alikasirika. "Na fedha yangu ya tiketi?"

"Imekwenda," nikamwambia. "Wewe umebaki."

Tukalala Shimoni. Ijumaa tukasali, tukanywa maji na madafu, tukazungumza na wavuvi. Usiku ndipo tukapanda treni. Hakuna siku ya safari ile niliyoifaidi kuliko hiyo ya kungoja.

Kesho yake basi letu la magharibi lilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari. Fundi alikuwa na pakiti ya krispi aliyoinunua Mombasa. Akaitoa mkobani: imevimba, ngumu kama mpira, karibu kupasuka. Akaigeuza geuza, kisha akaniwekea mapajani.

"Mwalimu," akasema, "ningekuwa hivi."

Basi, ndugu zangu wa Pwani, Kitale, Bungoma, hata Nairobi, zote ziko juu. Jamaa zetu wa bara watakuja kuzamia, kila mmoja na bajeti yake nyembamba, na wa kwanza kukatwa katika hesabu huwa usiku wa mwisho. Nanyi mnaoandika hesabu ya safari, uandikeni usiku huo kwanza, kabla ya nauli. Na mwenyeji akiona mgeni ametoka majini anakimbilia basi, amshike mkono, amtandikie mkeka, amwambie alale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mara hii atakayepona ni mgeni.